Mwalimu Aliyetunyima Usingizi wa Mchana

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 2019, Mwalimu Ouyang Huizhu anastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Wilaya ya Longtanwan kwa miaka thelathini na mitatu. Ofisi ya Mafunzo iliniomba niandike maneno mia tatu ya heshima kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, yasiyomuudhi mtu. Idadi nimeizidisha, na hilo la kutomuudhi mtu sikuahidi. Mimi ni Luo Qiuhe, muuguzi wa wodi ya upasuaji, mwanafunzi wake kwa miaka kumi, na nina karatasi yenye alama tisa kati ya mia kama ushahidi.

Nitasema mapema kinachonikera, ili msomaji asidhani hizi ni sifa za kawaida za siku ya kuagana. Katika ratiba mliyoshika mkononi, kipengele cha saba, Mkurugenzi Peng Zhaoliang atatangaza kwamba darasa la Mwalimu Ouyang la kusoma Kiingereza cha hospitali linafungwa siku hiyo hiyo anayoondoka. Sababu iliyotolewa katika barua ya Ofisi ya Mafunzo ni kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na simu inatafsiri. Sisi wanafunzi wake kumi na tisa hatukubali. Hata yeye mwenyewe, aliposikia, aliuliza jambo moja tu: kama wamemaliza kusoma barua yao wenyewe kabla ya kuipiga mhuri.

Alifika hapa Septemba 1986, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka chuo cha uuguzi, akapangiwa wodi ya upasuaji. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Dawa chache za nje zilipoingia, wenzake walitupa vile vikaratasi vya maelezo vinavyokunjwa mara nane ndani ya boksi. Yeye alivinyoosha, akavibandika kwenye daftari kuukuu la zamu, akavisoma neno kwa neno kwa kamusi aliyoiazima kwa mfamasia na kuirudisha baada ya miaka kumi na moja. Matamshi yake, tuseme ukweli, ni ya huku kwetu milimani, na hayajawahi kuomba msamaha. Daktari mmoja kijana aliyesomea mjini Changsha alipomcheka mbele ya watu, alijibiwa hapo hapo: "Mwanangu, mimi sikuajiriwa kuimba. Njoo tusome ukurasa huu sote wawili, kisha unieleze unasema nini." Daktari hakuweza kueleza. Leo ni mkuu wa idara ya moyo, na kila Alhamisi hujibanza kiti cha nyuma darasani akidhani hatumwoni.

Darasa lilianza mwaka 1998, alipohamishiwa Ofisi ya Mafunzo, katika chumba cha kuhifadhia picha za eksirei za zamani. Enzi hizo daktari au muuguzi hakupanda daraja hapa bila kufaulu mtihani wa Kiingereza, kwa hiyo kila mtu alikuwa na kitabu cha msamiati. Vilikuwa vitabu vya kuchekesha. Kurasa za herufi A zilikuwa zimechakaa mpaka zinachanika, za B zina madoa ya mchuzi wa tambi, na kuanzia C vilikuwa vipya kama siku vilipotoka dukani. Kila mwaka tuliapa kuanza upya, na kila mwaka tulianza upya na A. Mwalimu Ouyang alivikusanya vyote, akavifungia kabatini. Alituagiza kila mmoja alete maneno kumi aliyoyaona siku hiyo kwenye rafu za wodi yake mwenyewe, juu ya chupa, mirija na maboksi, na asilete neno ambalo hajaligusa kwa mkono.

Kwenye mazoezi ya ufahamu ndiko alikokuwa mkali zaidi. Ulisoma makala yote kwanza, kamusi imefungwa, maswali umeyafunika kwa kiganja. Kisha ulisimama na kuyasimulia kwa lugha yetu ya nyumbani, kana kwamba unamweleza mama mkwe aliyeshuka kutoka kijijini na kikapu cha mayai. Mama mkwe alikuwa yeye mwenyewe. Alikunja mgongo, akatega sikio, na kuanza: "Eti mwanangu? Sijasikia. Hiyo dawa niinywe au nijipake? Kabla ya kula au baada? Na nikisahau, je, nife?" Ukibabaika, alikugeuzia mgongo na kuwaambia wengine: "Huyu hajasoma. Huyu ametazama tu."

Sasa nifike kwenye aibu yetu, maana bila aibu hii hamtamwelewa. Mtihani wa kupanda daraja ulikuwa na desturi moja: baadhi ya makala zake zilitoka katika kitabu cha matayarisho. Basi sisi tuliacha kusoma. Tulikariri mstari wa kwanza wa kila makala, na baada yake herufi za majibu. Makala ya figo: B, D, A, A, C. Makala ya kikohozi cha watoto: C, C, A, D, B. Wauguzi wa uzazi walizitungia wimbo, ukawasikia wakiuimba wakikunja mashuka. Tulifaulu kwa fujo. Wilaya nzima ilitusifu kwa Kiingereza chetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua figo zile zilikuwa na tatizo gani.

Mwezi Mei 2009 Mwalimu Ouyang alitupa mtihani wa majaribio, watu arobaini na mmoja. Makala zilikuwa zile zile, mstari wa kwanza ule ule. Alibadilisha maswali tu. Tuliandika kwa dakika kumi, tukakabidhi karatasi huku tunatabasamu. Sote arobaini na mmoja tulianguka. Mimi nilipata tisa. Bwana Peng, wakati huo mkuu wa Ofisi ya Mafunzo, alipata ishirini, na alikuwa ameketi mstari wa mbele ili awe mfano.

Alimfuata Mwalimu mezani, sisi sote tukiwepo. "Mwalimu, umetuchezea rafu."

"Sijacheza rafu, Mkuu. Nimewauliza mlichosoma."

"Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Andika kwamba wote wamefaulu, weka sahihi, yaishe. Nani atajua?"

"Nikiweka sahihi," alisema Mwalimu Ouyang, akifunika kalamu yake, "kuna mgonjwa atakuja kuwaamini."

Hakuweka. Nakiri kwamba siku ile sisi wengine tulimkasirikia yeye, si Bwana Peng. Kupanda daraja kulikuwa kumekaribia, na tulimwona mwanamke mmoja mkaidi akitukalia njiani. Wiki iliyofuata chumba chake cha eksirei kiligeuzwa stoo ya nguzo za dripu, naye akahamishiwa masjala kupanga mafaili ya wagonjwa. Darasa halikupigwa marufuku. Liliondolewa tu kwenye ratiba, na saa zake zote zikajazwa mikutano.

Ikabaki saa moja ambayo hakuna mkutano uliothubutu kuigusa. Sote tunaijua. Saa sita na nusu mchana, bakuli zikishaoshwa, hospitali hii hulala. Vitanda vya kukunja huvutwa kutoka chini ya meza, dirisha la famasia hufungwa, na aliye macho bila kuwa kwenye zamu hutembea kwa ncha za vidole. Mwalimu Ouyang alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha kupigia pasi, kule kwa dobi: kusoma, kila siku, saa sita na nusu. Watu walisema amerukwa na akili. Siku ya kwanza alikuja mtu mmoja, Wen Xiaotao wa wodi ya watoto wachanga. Siku ya tatu nilikwenda mimi, kwa sababu zile alama tisa zilikuwa zimekataa kunitoka kichwani. Mezani palikuwa na chupa ya pilipili za kuchachusha alizotengeneza mwenyewe, na aliyesinzia alipewa moja nzima aitafune mpaka mwisho. Kwa mwaka mmoja tulikuwa saba, tukitokwa na machozi, tukisoma.

Mwaka 2012 wodi ya Xiaotao ilikuwa na taa mbili za buluu zilizotoka nje, za kuwalaza chini yake watoto wanaozaliwa na manjano. Kitabu cha maelekezo ya taa hizo kilikuwa cha Kiingereza, kurasa sitini, na kilikuwa kimetumika miaka yote tangu zilipoletwa kuegemeza dirisha. Mwezi Juni akaja mtoto wa siku nne, mjukuu wa familia inayouza tofu karibu na daraja. Alilazwa chini ya taa siku mbili na manjano katika damu yake ikawa haishuki. Ikapanda. Baba yake alikuwa amesimama ukutani.

Xiaotao alikitoa kitabu dirishani, akakaa chini sakafuni, akasoma. Hakutafuta neno moja moja. Alisoma kama alivyofundishwa, mwanzo hadi mwisho, na kwenye ukurasa wa thelathini na moja alikuta maelezo kwamba globu za taa ile huchoka kabla hazijazimika. Zikifikisha saa elfu mbili lazima zibadilishwe hata kama bado zinang'aa, kwa sababu ule mwanga unaotibu huwa umeshapungua na macho hayawezi kuona tofauti. Saa zenyewe zilihesabiwa na kidude kidogo ubavuni mwa taa. Kilionyesha elfu tatu na mia nne.

Bwana Peng, aliyekuwa kiongozi wa zamu siku hiyo, aliitwa. Alitazama taa, akamtazama Xiaotao. "Taa si inawaka? Mnataka nini tena?"

"Inawaka, Mkuu. Haitibu."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma," alisema Xiaotao, akamnyooshea kitabu. "Ukurasa huu hapa. Soma na wewe."

Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimemletea Xiaotao chakula. Nilimwona Bwana Peng, mwenye cheti cha Kiingereza kilichotundikwa ofisini kwake ndani ya fremu, akiushika ule ukurasa kwa muda mrefu, macho yakiwa yamesimama mahali pamoja. Kisha akamrudishia kitabu na kusema kwa sauti ndogo wabadilishe. Globu za akiba zilikuwa stoo tangu siku taa zilipoletwa, boksi halijafunguliwa, maana hakuna aliyejua ni za nini. Kesho yake mchana kipimo cha mtoto kilikuwa kimeshuka karibu nusu. Yule mtoto sasa yuko darasa la kwanza na ana mdomo kuliko babu yake.

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa sita na nusu, mlango wa chumba cha pasi ulifunguliwa akaingia Bwana Peng na daftari jipya. Hakuomba radhi. Mwalimu Ouyang hakuidai. Alimsogezea kiti na chupa ya pilipili, akamwambia: "Mkuu, soma aya ya pili. Funika maswali." Alihudhuria miezi mitano, na mwisho wake aliweza kumweleza mama mkwe kuhusu kifafa cha mimba bila kubabaika hata mara moja. Mwalimu alirudishwa Ofisi ya Mafunzo mwaka huo huo. Chumba cha eksirei hakurudishiwa, na nguzo za dripu zimo humo mpaka leo.

Miaka mitatu iliyopita mtihani wa Kiingereza ulipoacha kuwa sharti la kupanda daraja, waliokuja kwa ajili ya cheti waliondoka siku moja. Tulibaki sita. Mwalimu Ouyang aliwafundisha sita kana kwamba ni sitini, na kidogo kidogo tumekuwa kumi na tisa, sote tukiacha usingizi wetu bila kulazimishwa na mtu. Naomba hilo liandikwe mahali fulani katika kumbukumbu za hospitali, kama nafasi ipo.

Na sasa hili la simu. Sina ugomvi na simu, ninayo, na inatafsiri vizuri tu. Ingeutafsiri hata ule ukurasa wa thelathini na moja. Lakini kitabu kilikuwa dirishani, na simu haiinuki mezani kwenda kukitoa. Kilichokitoa ni mazoea ya mtu aliyefundishwa kwa miaka mitatu kwamba hajui jambo mpaka alisome lote na kuweza kumwambia mwingine. Ofisi ya Mafunzo inasema mazoea hayo yanastaafu leo saa kumi jioni pamoja na mwenyewe. Nimewauliza watawaweka wapi waliokwisha kuyapata.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja mlio ukumbini. Kipengele cha saba kitakaposomwa, kila aliyewahi kukaa katika darasa la Mwalimu Ouyang, hata siku moja, hata kama alilala, asimame. Msizomee wala msipige makofi. Simameni tu mpaka tangazo liishe, tuone watakaobaki wameketi ni wangapi. Mkurugenzi Peng, wewe utakuwa umeshasimama, kwa kuwa ndiye msomaji. Baki hivyo hivyo, tafadhali. Miezi mitano si siku moja.

Mwalimu Ouyang, tumeambiwa unakwenda Huaihua kwa binti yako, na kwamba umeapa hutacheza zile ngoma za wastaafu uwanjani hata ukivutwa mkono. Tunakushukuru kwa kila mchana uliotukatalia kulala, na kwa sahihi ile ambayo hukuiweka. Tunakuombea afya, macho yasiyochoka na miaka mingi ya furaha na wajukuu zako. Jumatatu, tarehe 2 Septemba, saa sita na nusu, Wen Xiaotao atasimama mbele yetu na makala ya kisukari. Wakitunyima chumba cha pasi, tutasomea kwenye ngazi.