Mtunza Mafuvu ya Bata

Makumbusho yametangaza kwa masikitiko kwamba marehemu, aliyekuwa mtunza mafuvu ya ndege wa majini, alistaafu kwa hiari yake, na kwamba sura yake haitafutika machoni pa wenzake. Picha imebandikwa getini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi viatu. Shuleni walimwita Mdomo, si kwa kusema sana, bali kwa kuchungulia midomo ya kuku wa jirani mpaka akadonolewa. Alisomea elimu ya viumbe, akaajiriwa mwaka 1975 katika chumba cha chini chenye harufu ya dawa na dirisha moja lililotazama ukuta.

Humo alikuta bata wamepangwa kwa midomo: wanaofanana, droo moja. Akabaini kwamba bata fulani, wa ukoo mwingine kabisa, waliacha kuchuja matope wakaanza kung'oa nyasi, na kizazi baada ya kizazi wakaota mdomo mfupi, mnene, kama wa bata bukini waliowekwa nao droo moja. Chakula ndicho kilichowachonga. Aliomba wahamishwe droo. Mkurugenzi akamjibu, "Mzee wangu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Wanaofanana ni ndugu, basi." Hakuacha kuomba. Mwaka 2004 aliletewa barua ya kustaafu, imeshachapwa, imebaki saini yake tu.

Mwaka 1983 alimwoa mshonaji, mjane aliyekuja na mtoto wa kiume mgongoni. Mtoto alikula naye sahani moja miaka yote, akitafuna upande wa kushoto kama yeye, hata mashavu yakajaa upande mmoja. Mwenye duka aliapa hiyo ni damu moja. Dada zake marehemu walisema huyo ni wa kuja, na ukoo haujui wa kuja. Marehemu alimsogezea kijana mnofu.

Mwaka jana saratani ilimziba koo. Mkewe alimchujia uji kwa kitambaa. "Mama, ona, nimerudi kwa bata wa matope," alimwambia. Mkewe akaendelea kukamua kitambaa. Mashavu yaliisha, ukabaki mdomo. Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni, akiwa na njaa.

Ameacha mjane, mtoto mmoja, na droo moja ambayo haijaguswa. Alale mahali ambapo hapangwi mtu.

Picha iliyoko getini, kwa taarifa ya waombolezaji, ni ya mtoto huyo aliyemlea, si ya marehemu.