Waya Mmoja, Kompyuta Mbili

Mshonaji alikuwa amefumba macho ndani ya basi, lakini masikio yake hayakulala. Mbele yake, mama mmoja alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, fundi wa kompyuta, jinsi alivyounganisha laptopu yake na kompyuta ya mezani ya mumewe.

“Nilichomeka waya, nikaruhusu mafaili yaonekane, nikaona ya mwenzangu yote. Kumbe baba watoto anajirekodi akijifunza kucheza, kwa ajili ya harusi ya binti yetu! Mtu mzima na kitambi chake!”

Alicheka mpaka mshonaji naye akacheka, akasahau kwamba anajifanya amelala.

“Uliruhusu pande zote mbili?” fundi akauliza.

“Kila nilichoulizwa nilijibu ndiyo.”

“Basi naye anaona vya kwako, dada.”

Kicheko kilikatika kama uzi. Mama alijishika kifuani. “Mungu wangu! Picha za hospitali zimo humo. Huu uvimbe sijamwambia mtu, nangoja harusi ipite.”

“Mwambie leo.”

“Nimharibie furaha yake? Sithubutu!”

“Na kama ameshaona?”

“Labda hajafungua. Yule na kompyuta wapi na wapi…”

Simu ikalia mkononi mwake. Mshonaji alichungulia bila haya, akasoma: Baba Watoto. Ililia ikanyamaza, ikaanza tena.

Basi likasimama. Mshonaji alishuka huku shingo imegeukia nyuma. Dirishani alimwona mama ameweka simu sikioni, anasikiliza tu.