Madaftari Manne ya Mama Shuka

Marehemu, ambaye wenzake wa kazini na baadaye mtaa mzima walimwita Mama Shuka, alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi mwashi na mkewe. Kaka yake, ambaye tuko naye hapa leo, anasimulia kwamba dada yake alijua kusoma kabla hajaanza shule. Alijifunzia kwenye mifuko mitupu ya saruji ambayo baba yao alirudi nayo jioni, na kwa muda mrefu aliamini kila maandishi duniani huanza na “Hifadhi mahali pakavu.”

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, akamaliza wa pili katika darasa la watoto arobaini na mmoja. Nyumbani palikuwa na uwezo wa kumpeleka mmoja tu sekondari, na aliyekwenda ni kaka. Marehemu hakuwahi kulitaja jambo hilo. Kaka mwenyewe ndiye aliyeomba lisemwe hapa, mbele ya watu.

Tarehe 2 Juni 1970 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali kuu, chumba cha kufulia kilichoko chini ya ardhi, ambako alifanya kazi karibu miaka arobaini na mmoja. Kulikuwa na joto, mvuke na ngurumo za mashine, na mtu akitaka kumwambia mwenzake jambo ilimbidi amshike bega kwanza. Mashuka yalishuka kutoka wodini kwenye vikapu vya magurudumu, na ndani yake mlikuwa na kila kitu walichosahau wagonjwa: miwani, vitana, meno ya bandia, na vitabu. Vitu hivyo vilikaa stoo miezi mitatu. Visipopata mwenyewe, dobi aliruhusiwa kuvichukua. Wenzake waligombea vitana. Yeye alibaki na vitabu, kwa kuwa hakuwa na mshindani.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na fundi bomba wa hospitali hiyohiyo. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyeishi siku tisa. Baadaye mume alipata kazi mbali, barua zikapungua, na mwaka 1981 wakaachana bila ugomvi. Marehemu hakuolewa tena, wala hakumsema vibaya yule bwana hata siku moja.

Daftari la kwanza kati ya manne aliyoyaacha linaanza mwaka uliofuata, tarehe 14 Agosti 1982. Ni daftari kubwa la jalada gumu, lenye safu alizopiga kwa rula: tarehe, kitabu, wodi kilikotoka, na maoni. Alisoma chochote kilichoshuka na mashuka, kwa raha yake tu. Kuhusu ufugaji wa nyuki aliandika: “Sina nyuki wala siwataki. Nimekipenda mno.” Kuhusu hadithi fulani ya mapenzi: “Msichana hana akili. Nimelia.” Kuhusu mwongozo wa kutengeneza pikipiki: “Sura ya breki inasisimua.” Kuhusu hesabu za darasa la sita: “Majibu yako nyuma, hakuna raha.” Vitabu vyote vilivyoorodheshwa katika madaftari hayo ni elfu moja na arobaini na sita. Familia ilijua anapenda kusoma. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza anasoma nini.

Aliyemuuliza alikuwa mtu wa nje. Mwezi Mei 1997 kilishuka kitabu cha upelelezi ambacho kurasa zake za mwisho zilikuwa zimechanika. Marehemu alikisoma kabla hakijapelekwa stoo, akashindwa kuvumilia. Mchana, wakati wa mapumziko, alipanda ngazi hadi wodi ya wanaume, akiwa na aproni yake yenye maji, akamkuta mwenye kitabu bado amelazwa. Alikuwa mpiga chapa mstaafu, asiye na mtu wa kumtembelea. Akamuuliza nani alimuua yule tajiri. Mzee akamjibu kwamba hata yeye alikinunua hivyohivyo, na kwamba kwa miaka sita alikuwa akitafuta mtu wa kubishana naye.

Walibishana siku kumi na moja. Kila mchana alipanda, akakaa kwenye stuli, akala chakula chake pale. Siku ya kumi na mbili, kabla ya mapumziko, mashuka ya kitanda kile yalishuka pamoja na blanketi na foronya. Madobi walijua maana yake. Marehemu aliyafua mwenyewe, akayapiga pasi, halafu akaandika: “Hatukuafikiana. Mimi nasema mpishi, yeye alisema daktari.” Baada ya hapo hakupanda tena wodini, ingawa vitabu viliendelea kushuka.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2011, akaishi peke yake katika chumba kilekile alichokuwa amepanga tangu akiwa kazini, akiazima vitabu maktaba ya manispaa. Mara kadhaa alimpigia simu binti wa kaka yake, anayesoma wasifu huu, kumwambia amepata kitabu cha kuchekesha na Jumapili yuko nyumbani. Binti alisema atakuja. Mara nyingi hakwenda.

Marehemu aliugua kisukari kwa miaka mingi. Mwishoni mwa Oktoba 2023 binti huyo alimpelekea dawa, na akiwa anangoja chai akafungua daftari la nne lililokuwa mezani. Aliona limesimama tangu Januari.

“Shangazi, husomi siku hizi?”

“Nasoma.”

“Mbona daftari limesimama?”

Shangazi aliondoa birika motoni.

“Macho yamekataa, mwanangu,” akasema. “Nilikuwa nangoja mtu aulize.”

Kuanzia tarehe 4 Novemba binti alikwenda kila Jumamosi kumsomea, Jumamosi kumi na nne mfululizo. Shangazi alisikiliza amefumba macho, akisahihisha matamshi. Maoni aliyasema kwa mdomo, binti akaandika. Figo zilipoanza kushindwa alilazwa, na usomaji ukahamia hospitali. Jumamosi ya mwisho, tarehe 3 Februari 2024, walikuwa wakisoma safari ya watu waliovuka nchi ya barafu kwa miguu. Alichoka mapema, akaomba daftari liandikwe.

“Andika: tumefika katikati,” akasema. Kisha akauliza, “Umeandika ‘tumefika’ au ‘nimefika’?”

Binti akamwambia ameandika ‘tumefika’.

“Haya,” akasema, akageukia ukutani alale.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili na karibu miezi kumi na moja.

Marehemu ameacha kaka mmoja, wifi, watoto watatu na wajukuu watano wa kaka huyo, na jirani wa mlango wa pili aliyekuwa akimchotea maji. Orodha ni fupi. Kama yupo hapa mtu ambaye Mama Shuka alimwazima kitabu, au alikaa naye wakakizungumzia, na sisi hatumjui, tunamwomba asimame pamoja na familia.

Mungu ampokee dada yetu na shangazi yetu, ampe pumziko jema.