Misumari Mitano ya Bi Mwamini

Tarehe 31 Desemba 1958 Bi Mwamini Yunusi, mkunga wa zahanati yetu hapa Nachingwea, atastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Nimepewa heshima ya kuandika machache haya kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Wenzangu wameniomba niwe mfupi. Wamesahau kwamba nimefanya kazi naye, mlango kwa mlango, tangu 1948.

Alizaliwa Ruangwa katika nyumba ya wakulima wa mtama na ufuta. Alianza kazi Lindi akifua mashuka ya wodi, na ni yeye mwenyewe aliyeomba kufundishwa ukunga, baada ya kuchoka kusikia vilio nyuma ya pazia asijue kinachoendelea. Alihamishiwa huku wakati makambi ya mashamba ya karanga yalipofurika watu, matrekta yakinguruma mchana kutwa na watoto wakizaliwa kila upande. Hakuwa mtu wa kuchezewa. Aliwahi kumtoa nje mnyapara mzima, kofia mkononi, kwa sababu aliingia chumba cha kujifungulia na viatu vya tope.

Alipodai kitanda cha tatu, ofisi ilishangaa, maana siku nyingi hata cha pili kilikaa kitupu. Yeye akaeleza kwamba uchungu haupangi foleni. Siku nyingi huja mama mmoja, siku nyingine haji mtu, halafu mara chache, lakini bila kukosa, huja watatu kwa pamoja, na huyo wa tatu huwezi kumwambia kwamba kwa kawaida nafasi huwapo. Kitanda kikaletwa. Kwa muda mrefu kilikuwa meza ya kuwekea mabeseni, nami nikamtania mpaka nikatosheka. Mvua za Machi zilipoanza, siku moja vitanda vyote vitatu vilijaa kabla ya adhuhuri. Tangu hapo sikutania tena, angalau kuhusu vitanda.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa misumari yake. Wageni wanaosoma haya wajue kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mume ndiye anayehamia kwa wakwe, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa hiyo mwanamke mwenye wavulana watupu huhurumiwa, kwani hakuna binti wa kuendeleza nyumba. Bi Mwamini alichoka kuwaona kina mama hao wakilia kwamba wamerogwa, au wameolewa na mtu mwenye damu mbaya. Akapigilia misumari mitano kwenye ubao. Kila mama aliyefikisha watoto wanne alitunga shanga nne kwenye uzi, nyekundu kwa binti, nyeupe kwa mvulana. Uzi wake ulitundikwa kulingana na idadi ya mabinti: msumari wa kwanza wasio na binti, wa pili wenye mmoja, na kuendelea hadi wa tano, wenye mabinti wanne.

Baada ya mwaka mmoja hata asiyejua kusoma aliweza kuusoma ubao ule. Msumari wa katikati ulipinda kwa uzito. Ile ya jirani yake ilikuwa na nyuzi za kutosha. Ya pembeni kabisa, huku na huku, ilikuwa na nyuzi chache, lakini haikukosa. Bi Mwamini aliwaambia kina mama kwamba wakiwa wengi, lazima wawepo watakaoangukia pembeni, na kwamba hakuna kosa walilofanya hata wakafika pale.

Mwaka 1952 ubao huo ulipata mtihani wake. Mwanaima wa Chiola alikuwa na wavulana wanne na mimba ya tano. Alikuwa binti pekee wa Bi Mwantumu, hivyo asipozaa binti, nyumba ya mama yake ingefikia mwisho. Mjomba wake, Mzee Abdala, alikuwa amekwisha kutoa neno: mtoto wa tano akiwa mvulana, mumewe Amri afungashe aondoke, apatikane mume mwingine. Amri na Mwanaima walipendana, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitia kwenye hesabu. Amri alinunua sanduku la bati na kuanza kupanga mashati yake humo. Mwanaima akaacha kula.

Siku moja ya kliniki Bi Mwamini alimkuta Bi Mwantumu mbele ya ubao, ameutoa uzi wa bintiye kwenye msumari wa kwanza na kuutundika kwenye ule wa katikati, akiomba dua. Mimi ningecheka. Bi Mwamini alimkalisha, akampa uji, akamshika mkono mpaka alipomaliza kulia, kisha wakaurudisha uzi mahali pake pamoja.

Ndipo Bi Mwantumu akamsihi aseme neno moja tu, kwamba baada ya wavulana wanne sasa ni zamu ya binti. Lilikuwa neno jepesi, na familia nzima ingelala usingizi. Bi Mwamini alikataa. Alimpa mfuko wa shanga, nusu nyekundu na nusu nyeupe, achomoe moja bila kutazama, airudishe, autikise, achomoe tena. Alimwonyesha kwamba mfuko haukumbuki ulichotoa mara iliyopita. Mtoto wa tano angekuja kama alivyokuja wa kwanza, huenda huyu, huenda yule. Kwa hiyo jambo hilo lilitakiwa kumalizwa kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu ndoa ya watu isingeachwa ining'inie kwenye ushanga mmoja.

Akamwita Mzee Abdala. Mzee alikuja kutoka Mtua amevaa kanzu ya Ijumaa, akasimama mbele ya ubao, akagusa msumari wa kwanza kwa bakora na kuuliza ni akina nani hao. Aliambiwa ni wanawake wa Kiegei, wa Mtua, wa Ruangwa, koo mbalimbali, waume mbalimbali. Mzee akashikilia kwamba mbegu ni ya mume na lawama ni ya mume. Mimi nilikuwa nyuma yao nakunja bendeji ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Bi Mwamini akamsogeza hadi msumari wa tano na kumshikisha uzi mmoja mwekundu mtupu. Ulikuwa wa Bi Swaumu, mke wa Mzee Abdala mwenyewe, aliyeutunga siku alipomleta mjukuu kupimwa. Mabinti wanne! Mzee alikuwa akipongezwa kwa ajili yao katika kila harusi, naye hakuwahi kukataa pongezi. Bi Mwamini akamuuliza kwa upole, ikiwa Amri ana hatia, yeye Mzee alikuwa na ufundi gani.

Mzee akacheka mpaka akavua kofia.

"Bi Mkunga," akasema, "kumbe nimekula sifa za bure miaka yote hii."

Halafu machozi yakamlengalenga, akasema kwamba hata hivyo nyumba ya dada yake huenda ikaisha. Bi Mwamini hakumbishia. Alimjibu kwamba hayo ni majonzi ya kweli, nayo hayapungui kwa kumfukuza mtu. Siku hiyo hiyo Mzee aliliondoa neno lake.

Miezi miwili baadaye Mwanaima alijifungua mvulana. Mzee Abdala alikuja akautunga ushanga mweupe wa tano kwa mkono wake mwenyewe. Nyuma yake alikuja Amri, amebeba sanduku la bati kichwani, bila mashati ndani yake. Alisema yeye hana safari, afadhali liwekwe blanketi za watoto, na humo zimekaa mpaka wiki iliyopita.

Bi Mwamini, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kukataa kwako kutufariji kwa uongo. Ubao tutautunza. Nyumbani Ruangwa uwe na afya, mvua njema na majirani wanaojua kucheka. Sanduku usilitafute wodini, tumekwisha kulitoa blanketi liwe lako. Amri na wanawe watano wamelipaka rangi upya na watakubebea hadi kwenye lori, maana Amri anasema safari hii mwenye safari amepatikana.