Fidèle Asije Kunizika

Karibieni, wanangu, mniinue kidogo, pumzi inakatika. Fidèle, weye usisimame pale mlangoni kama mgeni. Njoo.

Shamba la Kapolowe ni lenu ninyi watatu, mlime pamoja. Cherehani ni ya dada yenu Viviane, huyu hapa kando yangu. Sahani zangu achukue Mamie, mke wa Bertin, maana amenivumilia mengi. Habari ya mali imekwisha, sasa sikilizeni neno linaloshikilia roho yangu.

Mnajua ninavyotamani kulala karibu na baba yenu kule Kapolowe. Jamani, nimemkumbuka Joachim wangu! Hata asubuhi ya leo nimemsikia akikohoa barazani, kama zamani akitoka kiwandani, nikageuka, hakuna mtu. Nipelekwe kwake. Lakini weye Fidèle usije kunizika, na Bertin usije.

Viviane alikwisha kupasuliwa kwa uzazi wa kwanza, na mwezi huu atapasuliwa tena. Minye mama yenu nimezeekea kazini katika chumba cha operesheni, najua damu ya mzazi inavyokimbia. Zamani tulikuwa tunafungua frigo ya hospitali, damu iko. Leo umeme unakuja na kupotea, frigo haina kitu, na damu ya kumfaa dada yenu imo mwilini mwenu tu, mlipimwa ikakubaliana na yake. Germain mume wake alifukuzwa pamoja na Wakasai wenzake wote, wakapandishwa treni kurudishwa kwao. Nani amebaki? Mkienda kunizika, mkakesha kilioni na kunywa pombe ya lutuku, yeye huku akaanza kuvuja, mtarudi kuchimba kaburi la pili.

Kwa hiyo mtakaa kwenye benchi, nje ya chumba kile, mmekula bukari, ugali wetu, mkashiba, pombe hamjaonja. Mamie, weye utakaa naye kitandani. Sisi watu wa hapa tunatazama bandeji ya tumbo, tukiiona kavu tunapiga vigelegele, kumbe chini damu inalowesha godoro. Tena tunamfunga mzazi kitenge cheusi, kile kizuri cha kupokelea wageni, nacho kinaficha kila kitu. Mfunge kitambaa cheupe, ukifunue mara kwa mara. Umuulize munganga, daktari aliyempasua, kama amechomwa sindano ya kukaza kizazi mara tu mtoto alipotoka, na kama dawa hiyo ilitunzwa kwenye baridi. Tumbo likilegea pale kwenye kitovu, piga kelele. Usione haya, hata wakikuita mshamba.

Fidèle, uliikataa ndoa hii kwa sababu Germain ni Mkasai, na tangu siku ile hujala chakula cha dada yako. Hilo limeniliza kuliko msiba wa baba yako. Sikulazimishi umpende Germain. Nataka utoe mkono wako uchomwe, damu yako apewe dada yako, hata mtoto akizaliwa na sura ya Germain tupu.

Wamama wa parokia watanibeba. Joachim akiuliza vijana wako wapi, nitamwambia wako kazini, atafurahi. Ee, nitamwona… Maji kidogo, Bertin.

Mungu awalinde. Awape kulea, awape… kupatana. Viviane, mwanangu, uzae salama, uamke, umnyonyeshe.

Fidèle, mbona unanishika hivyo? Minye naenda. Niache mkono… shika wa dada yako. Ndiyo. Usiuachie.