Nilimpiga Mwanangu kwa Kula Matonga

Mama mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Wakina mama, na nyie wababa wachache mliojibana kule ukutani, habari za kushinda. Mimi si mzungumzaji. Mkiniona nimeshikilia kiti hiki, niacheni nikishikilie.

Nimeombwa nieleze jinsi tulivyoanza kazi hii ya matunda ya porini. Nitaeleza. Lakini siwezi kuieleza bila kusema jinsi nilivyopigwa, na siwezi kusema nilivyopigwa nikaficha kwamba na mimi nilipiga. Majina ya watu sitayataja. Wengine wapo hai na wana watoto shuleni.

Niliolewa upande wa kijiji cha Kasekese. Tulilima mahindi, na mpunga kidogo bondeni. Mume wangu alikuwa mtu wa kazi, anaamka kabla ya jogoo. Nawaambia ukweli, miaka ile ya kwanza hakuwahi kuninyooshea hata kidole.

Mwaka mmoja, mahindi yakiwa ndiyo yameanza kubeba, ng'ombe wakaingia shambani mchana kweupe. Kundi zima. Nilikuwa napalilia upande wa pili, nikasikia mabua yanavunjika kama mtu anatembea juu ya kuni kavu. Mume wangu na majirani wakakimbilia kule na fimbo na mapanga. Wenye ng'ombe nao walikuwa na fimbo na mapanga. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Nilimwona mume wangu akipigwa rungu la kichwa. Hakuanguka, alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, halafu damu ikamjaa machoni. Kijana mmoja wa wale wafugaji alikatwa begani, akawa anamwita mama yake. Mpaka leo sijui kama mkono ule ulipona.

Shamba lilikwisha siku ile. Na mume wangu naye, kwa namna fulani, alikwisha siku ile.

Kidonda cha kichwa kilifunga, lakini aliyerudi nyumbani alikuwa mtu mwingine. Kelele zilikuwa zinamuuma. Sufuria ikigonga sufuria, ananipiga. Mtoto akilia, ananipiga. Akaanza na pombe ili alale, na pombe nayo ikawa inamwamsha na hasira. Sisemi haya ili mumwonee huruma. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Mvua za kwanza zilipoanza, ghalani hamkuwa na kitu. Nyie wenzangu mnajua kipindi kile, unalima shamba la mwaka huu huku tumbo linadai la mwaka jana. Nikaingia msitu wa kijiji kuokota mbula, yale matunda ya porini yenye kokwa ngumu. Nilikuwa nakumbuka bibi yangu alivyofanya: unatwanga ile nyama yake ya unga unga, unachuja, unapika uji. Kokwa unazigonga kwa jiwe, kiini unakitwanga kama karanga, unaungia mboga. Watoto walikunywa uji ule wakalala usingizi bila kuniuliza swali.

Siku ya tatu mume wangu akakuta chungu jikoni. Akanusa.

"Hiki nini?"

"Uji wa mbula."

"Unawalisha wanangu chakula cha nyani?"

"Hamna kingine, baba."

"Kwa hiyo unataka kijiji kizima kiseme nimeshindwa."

Akapiga chungu teke. Uji wa moto ukanimwagikia mapajani. Nilipoinama kujifuta akachukua mchi kwenye kinu na kunipiga nao kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia mlio wa mfupa kabla sijasikia maumivu.

Kule zahanati, muuguzi alinitazama mapaja, akanitazama mkono.

"Umefanyaje, mama?"

"Nimeanguka."

"Umeangukia nini?"

"Kinu."

"Ukitaka fomu ya polisi nitakuelekeza."

"Nimeanguka, dada."

Akanifunga mkono bila kuniuliza tena. Ndugu zangu, nilimlinda yule mwanaume kwa uongo, na sikujua nalinda nini. Nadhani nililinda aibu. Nilijiona mwanamke anayekula vya porini, nani atanisikiliza?

Kilichoniondoa si mkono wangu. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Siku moja alikaa nyuma ya nyumba anagonga kokwa za mbula kwa jiwe, ko, ko, ko, ili amtafunie mdogo wake. Baba yake akatoka ndani anashika kichwa. Akamkaba mtoto shingo, akamwinua mpaka miguu ikaacha ardhi. Mtoto hakuweza hata kulia. Nilimrukia yule mwanaume nikamng'ata mkono, nikang'ang'ania mpaka nikasikia chumvi ya damu mdomoni, ndipo akaachia. Sikurudi ndani hata kuchukua nguo. Mdogo mgongoni, mkubwa mkononi, tukadandia lori la mkaa hadi Mpanda, na kutoka mjini tukatembea mpaka Mwamkulu kwa shangazi yangu.

Shangazi ni mjane, Mkonongo wa zamani, maneno yake makali lakini mikono yake haijawahi kupumzika. Hakuniuliza chochote. Aliwatazama watoto, akapasua kwenye jiwe tonga moja, lile tunda la mviringo lenye ganda gumu, akawapa kila mmoja nusu na kijiko.

"Kuleni nyama yake. Mbegu mteme, msizitafune," aliwaambia. Halafu akanigeukia. "Na wewe kaa. Unanuka woga."

Shangazi alikuwa anaishi kwa matunda ambayo watu wengine wanayaruka wakienda kukata kuni. Matonga, mbula, makusu yale madogo matamu, ukwaju. Watu walimcheka, wakasema yule mama analishwa na msitu kama ngedere. Yeye anajibu, "Wananicheka wakati wa mavuno. Ngoja mahindi yaishe, uone wanavyokuja kwangu kimya kimya na bakuli."

Akanifundisha kuacha matonga mabichi mpaka yageuke rangi yenyewe mtini, kukamua nyama kwenye maji yaliyochemka, kuchuja kwa kitambaa safi, kuchemsha tena. Mkono mmoja ulikuwa bado umefungwa, nilifanya kwa mkono uliobaki. Tukaweka ndoo ya juisi barabarani. Wapita njia wa kwanza walionja kwa kujaribu, wa pili wakarudi na wenzao. Mama mmoja mwenye mgahawa mjini akaniambia, "Niletee gunia zima la matonga Jumamosi." Nilijiona nimekuwa mtu.

Hapa ndipo naomba mnivumilie, maana sehemu hii sijawahi kuisema mbele ya watu.

Ijumaa yake nilitoka kutafuta chupa. Nilirudi saa saba hivi na njaa na jua la utosini. Gunia limefunguliwa. Maganda yametapakaa uani. Binti yangu yupo katikati, mdomo umepakaa rangi ya tonga, mdogo wake pembeni anatafuna. Karibu nusu ya gunia ilikuwa imepasuliwa. Nilichukua ule upondo tunaoangulia matunda. Sikumwita. Sikumwuliza. Nikampiga.

Nilimpiga mgongoni, nikampiga mikono, nikampiga kichwani. Sikio likachanika. Nilikuwa napiga na kuongea, "Gunia la watu! Gunia la watu!" Na nyie mnajua mtoto akipigwa anakimbia, analia, anaita majirani. Binti yangu hakukimbia. Alijikunja akamfunika mdogo wake, akanyamaza kimya. Alijifunza wapi kunyamaza hivyo? Alijifunza kwa kunitazama mimi.

Shangazi akanidaka fimbo kwa nyuma. Mzee yule ana nguvu, alinipindua nikaanguka chali kwenye maganda.

"Unampiga kwa kosa gani?"

"Amekula matunda ya biashara!"

"Sema tena. Amefanya nini?"

"Amekula..."

"Amekula. Unampiga mtoto kwa sababu alikuwa na njaa na chakula kilikuwepo." Akaitupa ile fimbo. "Sasa niambie tofauti yako na yule uliyemkimbia. Niambie, mimi macho yangu ni ya kizee, labda sioni vizuri."

Nililala pale chini nikatazama mkono wangu, ule uliokuwa umetoka kwenye bandeji wiki mbili tu zilizopita, na ndio huo huo niliokuwa nimeutumia.

Nilichemsha maji nikaenda kumwosha sikio. Nilipoinua kitambaa akajikinga uso. Akasema, "Mama, nimekosa." Nikamwambia, "Hujakosa kitu. Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe." Alichukua muda mrefu kunijibu, ndugu zangu, miezi. Nawaambia hili kwa sababu kuna watu wanafikiri ukishasema nisamehe, kazi imekwisha.

Jumamosi nilimpelekea mama wa mgahawa nusu gunia nikamweleza ukweli. Akasema, "Watoto walikula? Sasa ulitaka wafanye nini nayo?" Akanunua hiyo nusu.

Kuanzia pale shangazi akaweka sheria, na ndiyo sheria ya kikundi chetu hadi leo: beseni la kwanza ni la watoto. La pili ndilo la barabarani. Wanawake wengine wakaanza kuja, wawili, halafu watano, halafu wengine kutoka Magamba. Wengi wao walikuja na alama mwilini. Hatukuulizana. Mtu alikuwa anapewa jiwe na kokwa za kugonga, akishagonga siku mbili tatu, anaanza kuongea mwenyewe. Bwana lishe mmoja akatufundisha kuchemsha chupa, kukausha makusu, kutengeneza jamu isiyoharibika. Tukakubaliana na kijiji kwamba mitonga na mikusu haikatwi kuchomwa mkaa.

Halafu mume wangu akaja.

Ilikuwa saa sita mchana, tunakamua matonga kando ya barabara. Nilimwona akishuka kwenye pikipiki na panga mkononi. Amekonda, ndevu zimejaa. Akasema, "Twende nyumbani." Nikamwambia, "Siji." Akapiga panga kwenye ndoo ya kwanza, juisi ikamwagika. Akapiga ya pili. Ya tatu nilikuwa nimeiinamia, panga likapita hapa, mnaona hapa, juu ya kiwiko. Damu na juisi vikachanganyika kwenye vumbi.

Wale wanawake hawakupiga kelele. Waliinuka. Mmoja alikuwa na mchi, akampiga nao miguuni, akaanguka, panga likaruka. Wakamvamia. Mawe, vigogo, mikono. Wanaume wakatoka dukani wakajiunga, hata hawajui kosa lake. Mmoja akaanza kuita, "Leteni petroli!" Nilimwona mume wangu amejikunja, amefunika kichwa, kile kichwa kilichopigwa rungu.

Nikageuka nikamwona binti yangu. Amesimama mlangoni anaangalia. Uso wake haukuonyesha woga wala furaha. Alikuwa anajifunza.

Nikajitupa juu ya yule mwanaume. Jiwe moja likanipata mgongoni. Nikapiga kelele, "Mwacheni! Aende polisi! Mwanangu anaangalia!" Sikumlinda kwa mapenzi, msije mkanielewa vibaya. Mapenzi yalishakwisha kwenye kinu. Nilimlinda kwa sababu kama angekufa pale, binti yangu angebaki anajua kwamba ndivyo mambo yanavyomalizwa. Shangazi akaja akasimama juu yetu wote wawili na mwavuli wake, akawaambia, "Wa kwanza kurusha jiwe lingine, anipige mimi."

Wakaacha. Polisi wakaja. Safari hii nilichukua fomu, nikaijaza, nikaeleza yote, na mkono wa zamani pia. Alihukumiwa, akatumikia, akatoka. Anaishi kwa kaka yake, anapata dawa za kichwa. Watoto wakitaka kumwona tunakutana mchana, mbele ya watu. Hatujarudiana na hatutarudiana, na hilo nalo naliona ni jibu la Mungu kwa maombi yangu.

Leo msimu wa njaa ukiingia, nyumbani kwangu kuna unga wa mbula kwenye ndoo, kuna makusu makavu, kuna jamu inayosubiri wanunuzi wa mjini. Binti yangu yuko sekondari. Sikio lake lina kovu. Kila nikimsuka nywele naliona, na sioni haja ya kulisahau.

Namshukuru shangazi, aliyenipindua chini. Nawashukuru wale wanawake walioacha mawe walipoombwa, maana kuacha ni kugumu kuliko kurusha. Namshukuru yule muuguzi ambaye aliniwekea mlango wazi ingawa sikuingia siku ile. Namshukuru mwanangu, ambaye siku moja tukiwa tunaokota mbula aliniambia tu, "Mama, hili limeiva, kula," nikajua ameanza kunirudia.

Ninachowaomba ni kidogo. Msione aibu kwa tunda linaloota bila kupandwa. Aibu ile ilinivunja mkono. Na mkiyapata, walisheni watoto kwanza, halafu ndiyo muende barabarani.

Mkutano ukifungwa, mimi sitaondoka. Kama kuna mama hapa anaogopa kurudi nyumbani jioni hii, asitoke na wenzake, abaki tuongee. Na kama kuna ambaye watoto wake wanajikinga uso akiinua mkono, huyo naye abaki. Nitakaa katikati yenu.