Kadi Iliyoipumzisha Kompyuta

Benchi letu la kahawa, mimi, Kinyozi na Mstaafu, limeegemea ukuta wa duka la vipuri, mkabala na lango la hospitali. Tangu mke wangu afariki, kahawa ya asubuhi nainywea hapo. Siku hiyo Fundi Mtandao wa hospitali alikuja macho mekundu. Picha za eksirei zilikuwa zikikwama njiani, na mganga mkuu alishamwambia zikikwama tena atafute kazi kwingine. Jana yake alikuwa amefunga kadi mpya ya mtandao kwenye kompyuta kuu.

— Hiyo kadi inafanya nini hasa? aliuliza Kinyozi.

— Nikuambie mara ngapi? Data husafiri kwa vifurushi. Zamani kompyuta ilifungua kila kifurushi na kukipanga, mpaka ikaelemewa. Sasa kadi nimeipangia iifanye kazi hiyo yenyewe, data ziingie moja kwa moja.

— Kwa hiyo kompyuta imekaa tu, alisema Mstaafu. Kama shemeji yangu.

— Haijakaa, mzee wangu. Inafanya mengine.

— Ndivyo wanavyoanza. Leo kadi inachukua vifurushi, kesho inataka kiti cha mganga mkuu.

— Kadi haina shida na kiti cha mtu.

— Umeiuliza?

Fundi alishika kichwa.

— Mimi nataka kadi ya kufungwa kichwani, alisema Kinyozi. Mke akianza kusema, kadi inapokea, mimi naendelea na usingizi.

— Usiombe kitu hicho, nikamwambia.

Akanisogezea sukari.

Dada wa mapokezi hospitalini, ambaye hajawahi kukaa nasi, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake.

— Kaka Fundi, hongera. Picha zinafika upesi. Hata kwenye simu yangu zinafunguka.

— Simu yako? Haiwezekani, dada. Ndani ya kompyuta kuu kuna programu ya ulinzi. Kila kifurushi inakikagua kinapofunguliwa, simu za watu inazizuia.

Dada akamwonyesha. Zilikuwa mbavu za mgonjwa, jina lake kamili juu.

— Si umesema kompyuta haifungui tena? Kazi ya kufungua umeipa kadi. Ya kuzuia umempa nani?

Kinyozi alimtazama Mstaafu. Mstaafu alikitazama kikombe chake. Fundi aliacha kahawa yake, akavuka barabara kurudi hospitalini bila kutazama magari.